Nani Atakikalia Kiti

Tarehe 15 Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, wanaume watano walitolewa ardhini wakiwa hai. Walikuwa wamefukiwa tangu tarehe 5 Oktoba. Siku 41. Walikula mizizi, magome, mende na vyura, wakakinga kwa kofia zao maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Mwenzao mmoja alikufa humo humo chini. Mwingine alifariki baada ya kuokolewa. Walipoingia shimoni rais alikuwa Jakaya Kikwete na nchi ilikuwa kwenye joto la kampeni. Walipotoka, uchaguzi ulikwishapita na John Magufuli alikuwa ameapishwa siku 10 kabla. Juu ya vichwa vyao taifa zima lilipanga foleni, likapiga kura, likahesabu na kuapisha, na wao wako gizani wanatafuna magome.

Nimeanza na watu hao kwa sababu sura hii inahusu roboti, na mazungumzo ya roboti migodini hayakosi kuanza na neno usalama. Mashine itakwenda mahali ambapo binadamu hapaswi kwenda: hiyo ndiyo hoja, na mimi naiamini. Nimemwona mtu aliyepoteza mguu kwa jiwe lisilozidi ukubwa wa ndoo. Lakini hebu tuangalie roboti hizo zimeingia wapi hasa. Zimeingia kwenye migodi ambayo tayari ina wajiolojia, feni kubwa za kusukuma hewa, vyumba vya kujihifadhi na kikosi cha uokoaji chenye mitungi ya oksijeni. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, hata ramani ni kitu adimu. Roboti hufuata mtaji. Hatari ikiwa upande huu na mtaji upande ule, roboti itaelekea kwenye mtaji, labda awepo mtu wa kuivuta. Namtafuta huyo mtu wa kuivuta.

Waliobuni biashara hii walijua mapema kwamba mashine haijisemei. Mwaka 1961 kiwanda kimoja cha General Motors huko New Jersey, Marekani, kilifunga mkono wa chuma ulioitwa Unimate, wenye kazi ya kuchomoa vipande vya chuma vikiwa bado vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu. Kazi hiyo iliwaunguza watu na kuwajaza moshi mapafuni. Aliyeubuni mkono ule ni George Devol. Aliyeutetea mbele ya dunia ni mhandisi mwenzake, Joseph Engelberger, na utetezi wake ulikuwa wa kila namna. Mwaka 1966 aliupeleka kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, ukapiga mpira wa gofu ukaingia kwenye kikombe, ukamimina bia, ukaongoza bendi. Alikwenda Japani, akapokewa kwa heshima, na Kawasaki wakachukua leseni ya kuutengeneza. Mwaka 1974 wenye viwanda vya roboti nchini Marekani wakaanzisha chama chao cha kuwasemea, na tangu 1977 tuzo kubwa ya tasnia hiyo imebeba jina la Engelberger. Alifariki mwanzoni mwa Desemba 2015, wiki mbili hivi baada ya wale watano wa Nyangarata kuliona jua.

Sitaji hayo kwa kumbeza mtu. Engelberger aliamini alichokisema, na vidole vingi vimebaki mikononi mwa wenyewe kwa sababu yake. Nayataja ili tuone kwamba roboti ina wasemaji wake tangu ikiwa changa, na ni wasemaji hodari: wana chama, wana tuzo, wana takwimu, wanajua mlango wa kubisha. Upande wa pili wa meza unahitaji watu wa kimo hicho hicho. Je, Shinyanga na Geita wapo?

Anayetaka kuiona kesho ya Geita asihangaike kwenda Ulaya. Avuke Uganda aingie kaskazini mashariki mwa Kongo, mkoa wa Haut-Uélé, penye mgodi wa Kibali. Asilimia 45 ya mgodi huo ni ya Barrick, asilimia 45 ni ya AngloGold Ashanti, na 10 zilizobaki ni za SOKIMO, shirika la serikali ya Kongo. Sasa turudi nyumbani. Bulyanhulu, iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria katika mkoa wa Shinyanga, ni ya Barrick, wakiwa wabia na serikali yetu kupitia Twiga Minerals. Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti. Wenye nyumba ni wale wale. Kilichojaribiwa sebule ya kule kinaijua njia ya kufika sebule ya huku.

Kibali, zaidi ya mita 700 chini ya ardhi, kuna barabara pana iliyochongwa kwenye mwamba, na humo vijiko vikubwa vya kubebea mawe vinakwenda na kurudi bila dereva. Vinachota mawe yaliyodondoshwa kutoka ngazi za juu, vinayapeleka kwenye kinu cha kusagia, yanapandishwa kwa lifti. Vina macho ya leza yanayopima ukuta wa kushoto na wa kulia, ndivyo vinavyojua viko wapi. Njia za kuingilia zina mageti yenye miale: mtu akikatiza, kila kitu kinasimama. Juu ya ardhi, chumbani, kuna kiti. Mbele ya kiti skrini, mkononi vishikizo kama vya mchezo wa kompyuta. Mtu mmoja aliyekalia kiti hicho anaweza kusimamia vijiko kadhaa kwa pamoja. Hana vumbi, hana kofia yenye taa, na shifti ikiisha anasimama na kwenda nyumbani kwa miguu yake.

Mfumo huo ni wa kampuni ya Sandvik ya Sweden, na aliyeupigania ni Mark Bristow, aliyeiongoza Randgold na baadaye Barrick hadi mwaka 2025. Kwa miaka mingi Bristow alisimama mbele ya wawekezaji akisisitiza kwamba mgodi wa kisasa kabisa unaweza kuendeshwa na Wakongomani, na vile viti wakakalia Wakongomani. Nampa haki yake kwa hilo. Wapo wengi waliodhani kiti hicho lazima akalie mtu aliyeletwa kwa ndege.

Lakini kiongozi wa wafanyakazi akiishia kwenye hoja ya usalama, atakuwa ameisoma nusu ya barua. Nusu ya pili ni saa. Mgodi wa chini hupoteza saa nyingi kila siku. Shifti inashuka, shifti inapanda, na safari yenyewe ni ndefu. Baruti ikishalipuliwa, hakuna mtu anayeruhusiwa kusogea mpaka moshi na gesi zifukuzwe na feni. Wakati wote huo vijiko vyenye dereva vimelala. Kijiko kisicho na dereva hakina mapafu. Moshi ungalipo kinachota. Saa hizo chache, ukizizidisha kwa siku za mwaka na kwa bei ya dhahabu, ndizo zinazoulipa mfumo mzima. Usalama ni kweli na saa ni kweli. Anayekwenda mezani akiwa na hoja ya huruma peke yake, huku mwenzake ana hesabu ya saa, atapewa chai na kusindikizwa mlangoni. Anayeijua hesabu ya saa anaweza kuuliza swali zito: saa hizi mlizozipata, zetu ni ngapi?

Kuna mfano mwingine, wa jirani aliyehama. Mwaka 1998 kampuni ya Resolute ya Australia ilifungua mgodi wa Golden Pride pale Nzega, kusini kidogo ya Shinyanga, ukawa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini. Vijana waliokuwa wakiswaga ng'ombe walijifunza kupanda ngazi ya lori lenye gurudumu refu kuliko wao. Mwaka 2013 dhahabu iliisha, mgodi ukafungwa. Resolute ilikuwa na mgodi mwingine, Syama, kusini mwa Mali, na mwaka 2018 ikatangaza, pamoja na Sandvik, kwamba Syama chini ya ardhi utajengwa tangu mwanzo uwe wa kujiendesha. Miaka 20 kamili. Kampuni iliyowafundisha watu wa Nzega kuendesha lori ilichukua miaka 20 kufikia mgodi usiohitaji dereva ndani ya lori. Kijana aliyeajiriwa Nzega akiwa na miaka 22 alikuwa na 42 tu, bado ana watoto shuleni.

Na kiti chenyewe hakina sababu ya kukaa mgodini. Huko Pilbara, Australia Magharibi, Rio Tinto walianza kutumia malori yasiyo na dereva mwaka 2008, na mitambo yao husimamiwa kutoka Perth, kilomita 1,500 hivi mbali. Umbali huo unapita ule wa Geita hadi Dar es Salaam. Mkongo wa mawasiliano ukiwa imara, kiti kinaweza kuhamia Dar es Salaam, na kikifika Dar es Salaam kinaweza kufika Johannesburg. Mama lishe wa Nyankumbu, mjini Geita, anayewauzia madereva chapati alfajiri hataona barua yoyote ya kumwachisha kazi. Atashangaa tu kwamba unga haumwishii.

Kinachoweza kukizuia kiti kisiondoke ni maandishi. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele katika ajira na mafunzo, na zinataka kila mgeni awe na mpango wa Mtanzania wa kumrithi. Nzuri. Ila ukisoma kwa jicho la roboti, swali la mahali kiti kitakapokaa linahitaji sentensi yake, iliyo wazi, ndani ya mkataba: chumba cha kuongozea mitambo ya mgodi wa Geita kitakuwa Geita, cha Bulyanhulu kitakuwa Kahama. Mahali hapakosekani. Mgodi wa Buzwagi, mlangoni mwa mji wa Kahama, uliacha kuchimba mwaka 2021, na sehemu ya majengo yake sasa ni chuo cha Barrick cha kuwanoa wasimamizi. Palipofungwa shimo pamefunguliwa darasa. Ningekuwa mbunge wa ukanda huu, ningelala na kuamka na ombi moja: viti vya mafunzo vifungwe pale, na nafasi za kwanza wapewe madereva waliokwisha kuwa kazini, kabla ya kijana yeyote aliyetoka chuo kikuu jana.

Sheria yetu ya kazi imeliona jambo hili zamani kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inapoeleza sababu za kiuendeshaji zinazomruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi, inataja teknolojia waziwazi. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, afichue habari zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi: kwa nini anapunguza, hatua gani zingeepusha au kupunguza makali, nani ataondoka na kwa kigezo gani, na lini. Hayo ni mamlaka makubwa mikononi mwa chama kinachojua kusoma. Udhaifu ni kwamba mashauriano hayo huanza wakati mwajiri amekwisha kukusudia kupunguza watu, na mara nyingi hapo mashine imekwisha kununuliwa. Iko melini. Unashauriana nini na meli iliyokwisha kung'oa nanga?

Tena tazama kiinua mgongo. Sheria inaweka mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mmoja uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Siku 70. Dereva aliyetumikia miaka 15, ambaye mgongo wake umeshika umbo la kiti cha lori, sheria inamhesabia siku 70. Anayepata zaidi ya hapo amepiganiwa na watu kwenye mkataba wa hali bora.

Ndiyo maana naiweka kazi ya utetezi mabegani mwa NUMET na TAMICO, vyama vinavyowasemea wachimbaji walioajiriwa. Mkataba wa hali bora unaweza kuwa na kipengele cha teknolojia: mwajiri anapoanza kufikiria mtambo wa kujiendesha, aseme, miaka miwili kabla; wafanyakazi waone hesabu; sehemu ya saa zilizookolewa irudi kwao kwa mafunzo au kwa mapumziko. Nimeshiriki vikao ambamo viongozi wa tawi walipambana usiku kucha juu ya posho ya nyumba, jambo halali kabisa, na katika karatasi zote mezani hapakuwa na neno teknolojia hata mara moja. Uchungu wangu uko hapo. Watu wale walikuwa jasiri. Hakuna aliyewapa ajenda.

Wachimbaji wa Kiruna, kaskazini mwa Sweden, waliipata kwa njia ngumu. Desemba 1969 waligoma kwenye mgodi wa chuma wa kampuni ya serikali, LKAB, wakakaa nje karibu miezi miwili katika baridi ya kule juu, wakichoshwa na wapimaji wa muda waliowasimamia kwa saa mkononi na wakubwa wasiowasikiliza. Mgomo ule uliitikisa nchi. Mwaka 1976 Bunge la Sweden likapitisha sheria inayomlazimu mwajiri kuzungumza na chama kabla ya kuamua badiliko lolote kubwa la kazi. Neno zito hapo ni kabla. Leo Kiruna ni miongoni mwa migodi yenye mitambo mingi zaidi ya kujiendesha duniani, na vyama vyake havikuvunja hata mtambo mmoja. Sioni fumbo hapo. Mtu aliyeshiriki kuchagua mashine haiogopi.

Sisi tuna kumbukumbu ya utetezi uliokuja baada. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Hiyo pia ilikuwa kubadilisha teknolojia, kutoka nyundo na tindo kwenda kwenye mitambo, ingawa wakati ule hakuna aliyeiita hivyo. Madai ya kwamba wapo watu waliofukiwa mashimoni yalipingwa vikali na serikali na kampuni, na wanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria watetezi wa mazingira, akiwemo kijana Tundu Lissu, wakayabeba kwa miaka hadi kwenye ofisi za Benki ya Dunia. Sitahukumu kesi ile katika ukurasa mmoja. Nitasema tu kwamba wanasheria wale walifika baada ya mashimo kusawazishwa. Walipigania ukweli wa jambo lililokwisha kutokea, na vita ya namna hiyo haina mwisho mwema kwa mtu yeyote.

*

Mpaka hapa nimewasemea walioajiriwa. Wengi wa ukanda huu hawana barua ya ajira. Wana duara.

Nilisimama kwenye mdomo wa duara moja, kijiji kimoja cha Shinyanga, asubuhi yenye upepo. Mdomo ni wa mraba, upana wa mlango uliolazwa. Pembeni matimba yamepangwa kama vidato vya ngazi, yakizuia kuta na kukanyagwa na washukao. Juu kuna winchi ya kuzungusha kwa mikono, vijana wawili, mmoja kila upande, na kamba inapita kwenye gogo lililolainishwa kwa oili chafu. Kila dakika chache kiroba cha mawe kinatokeza, kinavutwa pembeni, kinamwagwa. Kando ya mdomo, ndala zimepangwa jozi jozi. Ni za walioko chini.

Fundi wa matimba alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Nikamsalimu, "Mwangaluka, baba." Akaitikia na kunikaribisha kwenye kivuli. Alikuwa na kishoka kidogo. Aligonga kwa kisigino cha kishoka mti mmoja, akategea sikio. Akagonga wa pili, akatikisa kichwa. Wa kwanza ulilia mkavu, wa pili ulibuma kama gunia. "Huu leo leo utolewe," akamwambia kijana. Hicho ndicho kipimo chake, na amekitumia zaidi ya miaka 20.

Nikamweleza habari za vijiko vya Kibali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo mashine, mwanangu, inaweza kuniambia jirani yangu amefika wapi?"

Alinyoosha mkono. Mita 30 hivi kutoka pale kulikuwa na duara jingine, mbele yake jingine, na jingine. Kila mmoja anafuata mshipa wa dhahabu unakokwenda, na mshipa ni mmoja. Huku chini wanasogeleana bila kujua. Ukuta unaobaki kati yao unakuwa mwembamba. Siku mmoja akipiga baruti, au mvua ikijaza duara lililotelekezwa, ukuta unakubali. Swali la mzee yule lilikuwa la ramani.

Ni swali ambalo wanaroboti wamewahi kulijibu. Julai 2002, kwenye mgodi wa makaa wa Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji 9 walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha ulipofika. Walikaa chini saa 77 kabla ya kuokolewa, wote 9. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, palepale Pennsylvania, wakiongozwa na William Whittaker na Sebastian Thrun, wakaunda roboti ya magurudumu yenye macho ya leza, wakaiita Groundhog, na mwaka 2003 wakaiingiza kwenye mgodi uliotelekezwa ichore ramani peke yake. Leo kazi hiyo inafanywa na droni ndogo zilizofungwa ndani ya kizimba, zinazogonga ukuta bila kuvunjika na kuchora shimo kwa miale. Migodi mikubwa inazijua vizuri.

Niwe mkweli kuhusu mipaka yake. Novemba 2010, baada ya mlipuko kwenye mgodi wa Pike River, New Zealand, roboti ya jeshi iliingizwa kutafuta watu 29, na maji yakaizima njiani. Wote 29 walikufa. Roboti haivumilii tope kama wachimbaji wanavyovumilia. Kwa hiyo siombi roboti ya kuokoa watu siku ya maafa. Naomba ya kupima mashimo siku ya kawaida, kabla ya mvua, shimo likiwa kavu na watu wako juu wanakula.

Nani ailete? Mchimbaji mmoja hawezi. Bei ya chombo hicho ni ya kuuza ng'ombe wa ukoo mzima. Lakini njia ya kununua kwa pamoja ipo na imekwisha kutumika. STAMICO, shirika la madini la taifa, ina vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa na Katente, vyote mkoani Geita. Mwaka 2023 serikali iliikabidhi mitambo ya kuchoronga miamba kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili mtu asichimbe kwa kubahatisha. Aliyeweza kununua mtambo wa kumwonyesha mchimbaji dhahabu ilipo anaweza kununua chombo cha kumwonyesha hatari ilipo. Kikae ofisi ya Afisa Madini Mkazi, kiendeshwe na vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Shinyanga, kizunguke leseni kwa leseni.

Na wachimbaji wasikiombe kama sadaka. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, dhahabu inayopita sokoni imekuwa ikikatwa mrabaha, na pamoja na mrabaha ada ya ukaguzi. Wizara yenyewe imekuwa ikisema wachimbaji wadogo wanachangia asilimia 40 hivi ya mapato ya sekta. Wanalipia ukaguzi. Basi wakaguliwe, kwa chombo kinachoona mbali kuliko kisigino cha kishoka. FEMATA, shirikisho la vyama vya wachimbaji, na TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji kilichoanza 1997, wamepigania leseni, mikopo na baruti, na wamepata mengi. Hili liwe ombi lao lijalo, kwa maandishi, na kiasi cha fedha kikitajwa.

Walichunge tu lisije kuwa la maonyesho. Mwaka 2018, kwa miezi sita, droni ya Wingcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, katika mradi wa DHL na GIZ. Ulikuwa ushindi wa kiufundi, na niliona fahari kwamba ulifanyika kwenye Ziwa letu. Lakini mradi wa majaribio una tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza. Mstari wa bajeti ya halmashauri hurudi kila mwaka, na mtetezi anayejua kazi huutafuta huo.

Tarehe 11 Agosti 2025, kwenye machimbo ya Nyandolwa, mkoani Shinyanga, maduara yalititia na kufukia watu 25. Waliotoka hai ni wachache. Miaka karibu 10 ilikuwa imepita tangu Nyangarata, na mkoa ni ule ule.

Siku ile kwenye duara la mzee, nilikaa hadi jioni. Karani wa duara alikuwa na daftari la shule, la kurasa 48, amepiga safu kwa rula ya mkono: jina, saa ya kushuka, saa ya kupanda. Kila aliyetoka alitaja jina lake, karani akapiga mstari, mtu akavaa ndala zake akaondoka. Saa 12 na nusu ilibaki jozi moja, na jina moja halijapigwa mstari. Winchi ikanyamaza. Mzee akainama mdomoni mwa duara akaita, akasubiri, akaita tena. Hakuna aliyesema kitu. Kijana mmoja alikwisha anza kufunga kamba kiunoni ashuke.

Ndipo jina lile likaja kwa miguu, peku, likitokea upande wa maduara ya jirani, limejaa vumbi jeupe. Alikuwa amefuata mshipa huko chini mpaka akaona mwanga wa taa zisizo za kwao, akapita, akapandia duara la watu wengine. Alidhani tunajua.

Mzee hakumgombeza. Alitazama lilipo duara lile la jirani, akatazama alipokanyaga yeye, akawa anapima kwa macho ardhi iliyo katikati, ambayo kumbe haikuwepo. Karani akapiga mstari.